Watoto wa Marehemu wa Chiwondo

Damari Chilongani hakuwa mtu wa kupiga kelele kazini, lakini Jumamosi ile asubuhi alipiga ukelele mmoja uliomfanya Mgovano ajimwagie chai.

"Vipi, mtani? Umeona nyoka?"

"Njoo uone! Njoo upesi, maana sijui kama niko macho."

Mgovano akaja huku akijipangusa shati. Alikuwa fundi wa mashine katika Kituo cha Asili, Dodoma, mwanamume wa miaka hamsini na ushei, Mhehe wa kindakindaki. Damari alikuwa mchambuzi wa vipimo, miaka thelathini na mmoja, Mgogo kwa baba na kwa mama. Wagogo na Wahehe ni watani tangu enzi za mababu, na siku ambayo hao wawili walipitisha saa nzima bila kutukanana, wenzao waliulizana nani anaumwa.

"Huyu ni Bibi Roseline," Damari alisema, akionyesha ukutani ambako ramani ya dunia ilikuwa imewaka madoa ya rangi. "Anapokelewa leo saa sita kule Chiwondo. Nimerudia kipimo chake cha mwisho kama utaratibu unavyotaka. Juzi alikuwa na asilimia kumi na moja ya Ugogo. Leo ana ngapi? Soma mwenyewe."

"Sifuri nukta nne."

"Na Iringa?"

Mgovano alisogeza miwani. "Kumi na nukta sita. Haa! Amehama bila hata kufunga mizigo."

Mashine iliyomhamisha iliitwa Mizani, na kazi yake ni rahisi kuieleza kuliko kuifanya. Mtu hutema mate kwenye kichupa. Mizani huisoma DNA yake, kisha huigawa vipande vidogo vidogo zaidi ya laki moja. Kila kipande hutumwa kubisha hodi kwenye milango mia sita na kumi na mmoja, yaani makundi rejea ya dunia nzima, kila kundi likiwa na mate ya watu waliosema kwamba babu na bibi zao wote wanne ni wa mahali pamoja. Mlango unaofanana na kipande kuliko mingine yote ndio unaokipokea. Mwisho vipande huhesabiwa, na mwenye mate huambiwa: wewe ni asilimia kadhaa wa huku, kadhaa wa kule, na tunaweza kukosea kwa kiasi hiki. Ila Mizani ina ukaidi wake: haijui kusema sijui. Mlango wako wa kweli usipokuwepo, itakuingiza kwa jirani na kukufungia humo.

Mlango wa Iringa ulikuwa mwembamba miaka yote, watu tisa tu. Wiki ile yalikuwa yamefika mate ya watu mia tatu wengine kutoka nyanda zile za juu, na Damari aliyapakia Ijumaa.

"Kwa hiyo mlango wetu umepanuliwa, naye kaenda kwao," Mgovano alisema. "Ndicho ulichonimwagishia chai?"

"Subiri basi! Nilijiuliza, kwa nini vipande vyote vitoke Ugogo, tena vyote kwa mkupuo? Nikasema labda kasoro haiko kwa mgeni, iko kwa wenye mlango. Nikawachukua watu arobaini na wanane wa kundi rejea la Ugogo, nikawapitisha kwenye Mizani mmoja mmoja kama wageni."

Akagusa ukuta. Madoa arobaini na manane yakajitokeza katikati ya nchi. Thelathini na moja yalitulia palepale. Kumi na saba yaliyumba kidogo, yakaanza kushuka kusini, yakavuka mto Ruaha, yakaenda kukaa Iringa kama watu waliofika nyumbani na kuvua viatu.

Mwili wote wa Damari ulimsisimka tena, ingawa alikuwa ameshayaona yakihama mara tatu. Hakuna binadamu aliyewahi kuligundua jambo hili kabla yake, na furaha aliyoisikia ilikuwa ya mtoto aliyekuta yai la kanga majanini.

"Kumi na saba wa kwetu?" Mgovano alisema polepole. "Wameingiaje kwenu?"

"Wote walikusanywa siku moja, kijiji kimoja. Hebu soma daftari la ukusanyaji. Kijiji chenyewe ni hichohicho cha leo."

Mgovano akasoma kwa sauti. "Tarehe tisa Agosti, 2058. Chiwondo. Mkusanyaji: H. Shekalaghe. Maelezo: ukoo wote umekusanyika, nafasi nzuri sana. Watoto wa marehemu wamejitokeza kwa wingi na kwa moyo mkunjufu."

Alirudia mstari wa mwisho kimoyomoyo. Mabega yakaanza kumtikisika. Kisha kicheko kikamtoka chote kwa pamoja, akashika meza, meza ikamshinda, akakaa sakafuni.

"Msibani!" alisema alipoweza. "Mkurugenzi wetu alikwenda kukusanya mate msibani! Akasimama mbele ya watu akauliza, watoto wa marehemu ni wepi? Hebu niambie, Damari, msiba wa Mgogo, na watani tumeshafika, nani wa kwanza kunyoosha mkono?"

Damari alijifunika mdomo. Alikuwa amewaona tangu utotoni. Mtani akija kwenye msiba huvaa koti la marehemu na kutembea kwa mwendo wake. Hujiita mtoto wa kwanza, hudai mirathi, hulia kwa sauti kubwa kuliko wenye kilio, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia, kwa sababu kazi yake ni kuwachekesha watu ambao bila yeye wangeanguka. Kila mwenyeji anajua kwamba ni uongo. Lakini Profesa Hiza Shekalaghe alikuwa amekulia ughaibuni, na mwaka ule ndio kwanza amerudi nchini akiwa na Kiswahili cha vitabuni. Aliwaona watu kumi na saba wakilia baba, baba, akafungua vichupa.

"Na babu na bibi zao wanne?"

"Wote wa Chiwondo, wakajaza! Ulitaka waseme nini? Mtani akishaanza uongo haishii njiani."

Wakacheka wote wawili hadi machozi. Damari ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza, kwa sababu macho yake yalikuwa yameangukia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro.

"Mgovano," alisema. "Saa sita."

*

Gari la kituo lilijiendesha lenyewe kati ya mashamba ya zabibu, na wao wawili wamekaa wakitazamana bila utani wowote.

Sheria ya Kurejea ilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilisema kwamba mjukuu yeyote wa waliovushwa bahari kwa minyororo anaweza kurudi, na akiwa na asilimia kumi au zaidi ya jamii moja ya nchi hii, jamii hiyo itampokea, itampa jina na mahali pa kuishi. Zamani, sheria ilipokuwa changa, walitokea wajanja waliobadilisha jamii kama shati, leo wa huku penye mvua, kesho wa kule penye ziwa. Bunge likakasirika, likaongeza kifungu: mtu hupokelewa mara moja tu, na jina likishatajwa mbele ya watu, na mchambuzi akaweka kidole gumba, halifutwi na mahakama yoyote. Asiyepokelewa hupewa siku thelathini afungashe, na faili mpya ya kuomba jamii nyingine huchukua miezi mingi.

Kidole gumba cha leo kilikuwa cha Damari.

Simu ikaita. Alikuwa Profesa Shekalaghe, ambaye Damari alimtumia ripoti kabla hawajaondoka.

"Nimeisoma ripoti yako," alisema. "Ni kazi nzuri, Damari. Nzuri mno."

"Asante, Profesa."

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mmoja wao aliniangukia begani akilia, baba ametuacha, baba ametuacha. Nami nikalia naye." Akakohoa. "Kundi lile ndilo lililonipa jina. Ndilo lililojenga kituo. Sasa sikiliza. Nenda, weka kidole. Jumatatu tutaitisha kikao tulitazame jambo hili kwa utulivu."

"Lakini Jumatatu jina litakuwa limeshatajwa."

"Ndiyo maana nasema weka! Ukizuia, mama wa miaka sabini na mmoja atapandishwa ndege mwezi ujao. Na si yeye peke yake. Wako watu mia mbili na kumi na wawili waliopokelewa kwa kundi lile. Wana nyumba, wamezaa watoto wenye majina hayo. Utakwenda kuwaambia nini?"

"Sijui."

"Basi usiseme usichokijua," Profesa akasema kwa upole, akakata simu.

Upole ule ulimuumiza Damari kuliko kama angefokewa. Mzee yule alikuwa anajitetea, hilo halikufichika, lakini maneno yake yalikuwa na ukweli ndani. Akinyamaza, bibi mmoja atalala kwake usiku wa leo akiwa na ndugu mia tatu. Akisema, atamnyang'anya kila kitu mtu ambaye hajamkosea lolote. Asubuhi alikuwa ameshangilia kama mwehu, na sasa kitu kilekile alichokishangilia kilimkaa kifuani.

"Wewe unasemaje?" alimuuliza Mgovano.

"Kidole si changu, nisije nikakuponza." Mgovano alitazama nje. "Ila nitasema moja. Kule kwetu kuna watu ambao ni ndugu wa yule mama kweli. Leo akiandikwa huku, hawatamjua milele, wala hawatajua kwamba walikuwa na mtu wa kumjua."

*

Chiwondo kulikuwa kumechangamka kupita kiasi. Ngoma zilikuwa zinalia, vigelegele vinapokezana, na juu ya paa za nyumba vioo vya kuvuta jua vilikuwa vimefungwa vitambaa vyeupe. Mbukwenyi, mbukwenyi, watu walimsalimia Damari kwa lugha ya nyumbani, na kila salamu ilimzidishia uzito.

Bibi Roseline Perine alikuwa kwenye chumba cha ndani, akina mama wawili wakimfunga shanga kichwani. Alikuwa mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kutoka Rodrigues, kisiwa kidogo cha mbali katika Bahari ya Hindi. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa miaka minne ili aje kusema siku hii moja, na alikisema taratibu, kama anayeandika ubaoni.

"Shikamoo, mama," Damari alisema.

"Marahaba, binti yangu. Umeleta kidole?"

Akina mama wakacheka. Damari aliwaomba wampishe dakika tano. Mlango ulipofungwa alipiga magoti ili macho yao yawe sawa, akaeleza yote, tangu msiba wa mwaka 2058 mpaka simu ya Profesa. Hakupunguza neno. Hata zile siku thelathini alizitaja.

Nje mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Mashine inaweza kukosea kwa kiasi gani?" Roseline aliuliza.

"Moja nukta mbili, juu au chini."

"Basi si kosa la mashine."

"Hapana, mama. Ni la jina tulilobandika juu ya kichupa."

"Na ukinyamaza, nabaki."

"Ukitaka ninyamaze, mama, sijui nitafanya nini. Nimekuja nikiwa sijui. Lakini sikuweza kukuacha utoke pale nje ukiwa hujui wewe."

Roseline alizigusa zile shanga, akaanza kuzifungua moja moja na kuziweka mapajani.

"Kwetu kanisani kuna kitabu," alisema. "Bibi wa bibi wa bibi yangu ameandikwa humo. Ameandikwa mara moja tu. Mwanamke, umri kama miaka kumi na mitano, Msumbiji. Kila aliyeshushwa melini aliandikwa Msumbiji. Awe ametoka huko, awe hakutoka, karani hakuuliza. Alikuwa na kalamu na alikuwa na haraka. Nimelisoma neno lile tangu nina miaka sita, na kila mara nilikuwa namchukia yule karani." Akamtazama Damari. "Darasani niliwaambia watoto, jibu lisilo na njia halina maksi. Nimeuza nyumba ya mume wangu ili nipate jibu lenye njia. Usiniandikie Msumbiji nyingine."

"Utarudishwa, mama."

"Nimesikia. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane, thelathini naijua."

Alitaka kutabasamu, lakini midomo ilikataa, akalia. Alilia waziwazi kama mtoto, na Damari, aliyekuja na sayansi yake yote, hakuwa na la kumpa isipokuwa kulia naye.

*

Uwanja ulikuwa umejaa pomoni. Mbele alisimama Mzee Yoeli Mwaluko, mkuu wa ukoo, miaka sabini na mitatu, na kibuyu cha maji mkononi. Kando yake alikuwa Msajili wa serikali, kijana nadhifu aliyeshika bamba la kuandikia.

"Mchambuzi," Msajili alisema kwenye kipaza sauti, "Mizani imesema nini juu ya mama huyu?"

Damari alipanda jukwaani. Roseline alisimama pembeni yake bila shanga, na watu walikuwa wameshaanza kunong'onezana juu ya hilo.

"Mizani imesema si wa hapa," Damari alisema. "Siweki kidole."

Ngoma zikakatika. Akaendelea upesi kabla ujasiri haujamtoka. Aliwaeleza kwamba mashine haijui jamii, inajua majina ambayo watu wameandika, na kwamba majina ya hapa Chiwondo yaliandikwa kwa makosa miaka thelathini na mitatu iliyopita, kwenye msiba wa Mzee Chitema Mwaluko. Waliojiita watoto wake siku ile, wakatema mate, hawakuwa watoto wake.

Uwanja ukalipuka. Kila mtu alisimama, kila mtu alikuwa na la kusema, vijana wakapiga miluzi, mama mmoja akarusha kanga chini.

"Binti wa Chilongani!" Mzee Yoeli alinguruma, na maji yakamwagika kwenye kibuyu. "Wewe ni mtoto wa Ugogo. Umekuja mbele ya wageni kuniambia baba yangu alizikwa na waongo?"

Kabla Damari hajajibu, Mgovano alikuwa ameshapita katikati ya watu akipiga makofi. Alipanda jukwaani bila kualikwa, akakivuta kigoda cha mkuu wa ukoo, akakikalia, akakunja nne.

"Kamwene!" alisalimu kwa Kihehe, kwa sauti ya kulishinda lile zogo. "Mnamfokea mtoto wa watu bure. Waongo ni sisi. Na hiki kigoda ni changu, baba aliniachia kabla hajafa. Yoeli, hebu mdogo wangu, niletee maji ya kunawa."

Mzee Yoeli alimtazama mtu yule aliyekaa kwenye kigoda chake, akamtazama tena. Uso wake uliokuwa umekunjamana kwa hasira ukaanza kufunguka kidogo kidogo, kwa shida, kama mtu anayetafuta kitu gizani na kukigusa.

"Kulikuwa na mmoja mrefu," alisema. "Alivaa koti la baba. Alikuwa anachechemea kama baba. Alinijia mbele ya watu wote akasema, Yoeli, fimbo yangu iko wapi, nimesikia umeiuza." Akavuta pumzi. "Nilikuwa sijala siku mbili. Nilikuwa siwezi hata kusimama. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya maiti ya baba yangu, na baada ya hapo ndipo nikaweza kulia."

"Ilikuwa Agosti," aliendelea, sasa akimtazama Roseline. "Udongo wetu Agosti ni mgumu, hata jembe linarudi. Sisi wanawe tulikuwa tumeishiwa nguvu. Wao ndio waliochimba kaburi. Kumi na saba, kwa zamu, huku wakitutukana kwamba hata kufa Wagogo hatujui, tunafia penye mawe. Walichimba mpaka likaisha." Akamwelekezea Damari kile kibuyu. "Kwa hiyo mashine yako inasema mama huyu ni damu ya wale?"

"Ni damu ya kwao, Mzee. Ya wale na watu wao."

Msajili alijikohoza. Alikuwa na mchana mwingine wa kazi mbele yake. "Mzee, ni lazima niulize kisheria. Mama huyu ni wenu?"

"Si wetu," Mzee Yoeli akajibu.

Roseline aliinamisha kichwa. Damari alimshika mkono.

"Ni mtani wetu," Mzee akasema. "Na mtani hafukuzwi kwenye shughuli."

"Sheria haina mtani, Mzee."

"Wewe kwenu wapi, mwanangu?"

"Upare."

"Mchaga akija kuwazika wazee wenu, huwa unamdai kitambulisho?"

Kicheko kikapita uwanjani, na Msajili, aliyejitahidi sana kubaki serikali, alishindwa na kutabasamu. Akaanza kupekua kwenye lile bamba, ukurasa baada ya ukurasa, watu wote wakimsubiri. Palikuwa na fomu ya mgeni anayeishi kwa mwenyeji. Uhusiano na mwenyeji: mwana, mke, mume, nyingine. Kidole chake kilisimama hewani juu ya neno la mwisho.

"Fomu hii inatoa mwaka mmoja," alisema. "Mmoja tu. Si jina, si ardhi. Ndani ya mwaka huo kituo kipeleke faili Iringa, na wenyewe wa kule wamkubali."

"Faili nitaipeleka mwenyewe," Damari akasema.

"Na wale wengine?" Msajili akauliza kwa sauti ya chini, mbali na kipaza sauti. "Mia mbili na ngapi?"

"Na kumi na wawili. Nitakwenda kwa kila mmoja. Sijui kama nitabaki na kazi, lakini nitakwenda."

Alisema hivyo na hofu ikamjaa, kwa sababu aliona milango yote ile mbele yake, na si kila mlango ungekuwa na Mzee Yoeli ndani. Lakini chini ya hofu ile msisimko wa asubuhi ulikuwa umerudi, na safari hii haukumwonea aibu mtu. Msajili aliandika. Mwenyeji: Yoeli Mwaluko. Uhusiano: nyingine. Akageuza bamba ili Roseline alisome mwenyewe kabla ya kutia kidole, na Roseline alilisoma lote, tangu mstari wa kwanza, taratibu, kama anayesahihisha mtihani.

Ngoma zikarudi kwa kishindo, na akina mama, waliokuwa wameshapika tangu alfajiri na hawakuona sababu ya chakula kupoa, wakatoa sinia. Ulikuwa ugali wa uwele, na bakuli la mboga ya mlenda linalong'aa. Roseline akakalishwa mkekani, na mduara ukajifunga kumzunguka, wazee mbele, watoto miguuni mwao, wote wakimtazama.

"Mama," Mzee Yoeli alisema, akikaa mbele yake, "nikufundishe jambo moja. Mtani akila kimya kimya kwenye nyumba ya mtani wake, ametukana nyumba. Lazima useme neno."

"Neno gani?"

"Baya."

Mgovano alijisogeza ili amnong'oneze, lakini Roseline alimzuia kwa mkono, kama mwalimu anavyomzuia mwanafunzi anayetaka kumpa jirani jibu. Alimega tonge, akalichovya. Mlenda ukamfuata kwa uzi mrefu kutoka bakulini mpaka kidevuni, haukatiki. Alitafuna. Akameza kwa juhudi. Akamtazama Mzee Yoeli kwa makini sana, akitafuta maneno.

"Mzee Mwaluko," alisema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu, "baba yako… alikufa kwa kula hii?"

Kisha Mzee Yoeli Mwaluko akajitupa nyuma mkekani, miguu juu, akicheka hadi kofia ikamtoka, na kicheko kikawashika watu wote kama moto wa nyika, mama na watoto na Msajili pamoja na bamba lake.

"Mhehe!" mzee alipiga kelele, machozi yakimtiririka, akimwonyesha Roseline kwa kidole. "Mhehe huyo! Nani aliyehitaji mate?"